Jinsi ya kupima nanozaimu kabla ya kuiunganisha na tibakinga ya saratani

Nanozaimu ni chembe ndogo mno zinazochochea mimenyuko ya kikemia kama vifanyavyo vimeng'enya. Mtafiti anayekusudia kuitia nguvu tibakinga, yaani tiba inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, kwa chembe hizi hana budi kuthibitisha kwanza kwamba zinafanya kazi katika mazingira ya uvimbe. Mwaka 2007, kikundi cha Yan Xiyun nchini China kilipoonyesha kwamba oksaidi ya chuma hutenda kama peroksidezi (kimeng'enya kinachotumia haidrojeni peroksaidi kuoksidisha vitu vingine), utendaji bora ulipatikana kwenye pH (kipimo cha uasidi) ya 3.5 hivi, ilhali majimaji yanayozizunguka seli za uvimbe huwa na pH ya 6.5 hadi 7. Pima basi mmenyuko wa TMB (kemikali isiyo na rangi inayogeuka buluu ikioksidishwa), ambao rangi yake ya buluu husomwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 652, katika pH hiyo ya uvimbe pia, na hata katika pH 5 ikiwa chembe zako huishia ndani ya lisosomu, vifuko vya seli vyenye asidi. Kisha ziondoe chembe kwa sentrifuji na uyapime majimaji yaliyobaki. Yakigeuka buluu, huenda kazi inafanywa na ayoni za chuma zilizoyeyuka.

Nanozaimu za manganizi dioksaidi hupimwa kwa oksijeni inayotoa kutoka kwenye haidrojeni peroksaidi, kwa kuwa upungufu wa oksijeni hudhoofisha seli T, ambazo ni seli za kinga.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi. Kufa kwa seli za saratani hakutoshi: chunguza kama kalretikulini, protini ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya seli, imejitokeza juu ya utando wa seli, na kama ATP (molekuli ya nishati) na protini ya HMGB1 (ya kiini cha seli) zimetoka nje, maana hizo ndizo ishara zinazoziita seli za kinga. Kipimo kizito zaidi ni kuwadunga panya seli zilizouawa na nanozaimu, kisha, baada ya wiki moja hivi, kuwadunga seli hai za saratani ileile upande wa pili wa mwili na kutazama kama uvimbe utaota. Panya hao lazima wawe na kinga kamili, kwani panya wasio na seli T hawawezi kulijibu swali hili hata kidogo.

Mwishowe unganisha nanozaimu na kingamwili dhidi ya PD-1, protini inayofanya kama breki juu ya seli T, ukiwa na makundi manne: lisilotibiwa, la nanozaimu pekee, la kingamwili pekee na la vyote viwili. Ongeza kundi la tano linalopata vyote viwili baada ya kuondolewa seli T za CD8, zile zinazoua seli za saratani. Uvimbe ukipungua vilevile katika kundi hilo, basi nafuu haikutokana na seli hizo. Ini na wengu, ambavyo hunasa sehemu kubwa ya chembe zilizodungwa mshipani, vichunguzwe katika makundi yote.