Somo: Kuhamisha folda za pamoja kutoka Windows kwenda Linux bila kupoteza ruhusa

Kunakili faili ni kazi nyepesi. Kinachopotea njiani ni ruhusa: nani asome, nani aandike, nani asiingie kabisa. Niliwahi kuhamisha seva usiku mmoja, na asubuhi yake kila mfanyakazi akawa anaweza kufungua folda ya mishahara. Faili zote zilikuwepo, lakini kazi ilikuwa imeharibika.

Hatua ya 1: Anza na watu. Usiiruke hii. Windows haiandiki jina la mtumiaji kwenye faili, huandika namba ndefu iitwayo SID, mara nyingi inayoanza na S-1-5-21. Linux huandika namba yake fupi, UID, mfano 1000. Akaunti iliyotengenezwa ndani ya mashine ya zamani pekee haitatambulika kwenye mpya hata kama jina ni lilelile. Kwa hiyo unganisha seva mpya ya Samba (programu ya Linux inayotoa folda za pamoja kwa kompyuta za Windows) kwenye domeni ileile, yaani mfumo mkuu unaotunza akaunti na vikundi vya ofisi nzima, na ruhusa zote zipitie vikundi vya domeni. Kisha, kwenye seva ya Linux, andika `id` ikifuatiwa na jina la mtumiaji wa domeni. Kama namba na vikundi vyake havitokei, usiendelee.

Hatua ya 2: Hifadhi ruhusa za sasa, ukiwa kwenye seva ya zamani ya Windows.
`icacls D:\Pamoja\* /save ruhusa.txt /t /c`
Jalada hili halibebi jina la mmiliki, linabeba ruhusa tu.

Hatua ya 3: Andaa Samba. Ruhusa za kawaida za Linux zina ngazi tatu: mmiliki, kikundi na wengine. Za Windows zina urithi na makatazo ambayo hayaingii humo. Ndani ya `smb.conf` (faili la mipangilio ya Samba), kwenye sehemu ya folda husika, weka:
`vfs objects = acl_xattr`
`map acl inherit = yes`
Samba itazihifadhi ruhusa za Windows nzimanzima pembeni ya kila faili.

Hatua ya 4: Nakili. Kwenye seva ya zamani ya Windows, fungua dirisha la amri kama msimamizi:
`robocopy D:\Pamoja \\seva\pamoja /E /COPY:DATSO /R:1 /W:1 /LOG:hamisha.txt`
S ni ruhusa, O ni mmiliki. Usisahau `/R:1`, maana bila hiyo robocopy hurudia faili iliyogoma hadi mara milioni moja. Mmiliki akikataa kuhama, akaunti yako imekosa haki ya kumweka mtu mwingine kuwa mmiliki, iitwayo SeRestorePrivilege, upande wa Samba.

Na tafadhali, usipitishie faili kwenye flashi ya FAT32 au exFAT. Mifumo hiyo haina mahali pa kuandika ruhusa.

Hatua ya 5: Jaribu. Ingia kama mtumiaji wa kawaida, na uanze na folda ambayo hatakiwi kuifungua.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimerudia robocopy baada ya kurekebisha ruhusa kule kwa zamani, mbona huku hazijabadilika?*
Huruka faili ambazo zenyewe hazijabadilika. Ongeza `/SECFIX`.

*Naona S-1-5-21 na tarakimu nyingi badala ya majina. Nifanyeje?*
Hizo ni akaunti za ndani ya mashine ya zamani, au zilizofutwa. Tumia jalada la hatua ya 2, ukibadilisha SID:
`icacls \\seva\pamoja /substitute SID-ya-zamani SID-mpya /restore ruhusa.txt`

*Kwangu ni Linux kwenda Linux, somo hili linanihusu?*
Hatua ya 1 na ya 5 zinakuhusu. Kunakili, tumia `rsync -aAXH` ukiwa root (msimamizi mkuu wa Linux). Itaoanisha watumiaji kwa majina. Ongeza `--numeric-ids` pale tu UID zinapofanana pande zote mbili.

*Kuna folda moja inasumbua. Nikipiga `chmod -R 777`, kila mtu aruhusiwe yote, si itaisha?*
Hapana ndugu yangu. Samba hulinganisha ruhusa za Linux na alama iliyoiweka wakati wa kuhifadhi. Ukizigusa kwa chmod, alama haitalingana, na ruhusa za Windows ulizohamisha zitapuuzwa. Rekebisha kutoka kwenye kompyuta ya Windows, kichupo cha usalama cha folda hiyo.