Namna ya kufunga kipoozeo kipya cha prosesa
Katika mji wa Goma, ambako vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo huingia hata katika nyumba zilizofungwa madirisha, kipoozeo kilichokuja na kompyuta ya mezani huziba mapema. Kabla ya kununua kingine, hakikisha kwamba kinalingana na soketi ya ubao mama (mahali prosesa inapokaa), kwa kuwa matundu ya skrubu ya soketi ya Intel LGA1700 yameachana kwa milimita 78 na yale ya LGA1200 kwa milimita 75, na kwamba urefu wake hautazuia kasha kufungwa.

Washa kompyuta dakika chache ili pasta ya zamani (krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo) ilainike, kisha uizime na kuchomoa waya wa umeme. Ukishalegeza skrubu, zungusha kipoozeo polepole kulia na kushoto kabla ya kukiinua. Kwenye soketi ya AM4 ya prosesa za AMD, kukivuta kwa nguvu kunaweza kung'oa prosesa pamoja nacho na kupinda pini zake. Futa pasta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholoweshwa alkoli ya isopropili, mpaka chuma king'ae.

Weka pasta mpya katikati, kiasi cha punje ya njegere. Bandua nailoni iliyo chini ya kipoozeo (ndiyo inayosahauliwa zaidi), kiteremshe wima, kisha kaza skrubu kwa kupishana pembe kwa pembe, kidogo kidogo. Chomeka waya wa feni kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Unapowasha, angalia joto katika BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi kuanza). Likipanda haraka kuelekea nyuzi 90, zima mara moja ukague mgusano.