Slack inapogoma nyuma ya proksi ya ofisi

Chukua ofisi ya Kirumba, Mwanza, yenye laini moja ya intaneti: kila kompyuta inapitia proksi, yaani seva inayowaombea wote intaneti, inayoendeshwa na programu ya Squid, tuseme 192.168.1.5, poti 3128. Kivinjari kinafungua kila kitu, ila Slack, programu ya mazungumzo ya kazini, inazungusha kiduara tu.

Kwenye Windows 11, Slack hufuata proksi ya mfumo. Fungua Settings, Network & internet, Proxy, kisha Manual proxy setup. Jaza anwani na poti kila moja kwenye kisanduku chake, bonyeza Save. Halafu ifunge Slack kabisa. Kubonyeza X hakutoshi, kwani inabaki imejificha karibu na saa. Bofya kulia alama yake, chagua Quit, ndipo uiwashe upya. Wengi wanalaumu proksi bure kwa kuruka hatua hii.

Bado inagoma? Mchawi huwa ni websoketi, yaani muunganisho unaobaki wazi. Ukurasa wa wavuti huombwa, ukaletwa, yakaisha. Slack hushikilia muunganisho mmoja muda wote na wss-primary.slack.com au wss-backup.slack.com, poti 443. Proksi inayofungua mawasiliano yaliyofichwa ili iyakague huukata. Zitoe anwani za Slack kwenye ukaguzi huo.

Kisha, ili kanuni za proksi zisiizuie Slack, kwenye squid.conf, faili la mipangilio ya Squid, ongeza:

acl slack dstdomain .slack.com .slack-edge.com .slack-files.com
http_access allow localnet slack

Mstari wa pili ukae juu ya makatazo yako: Squid husoma kutoka juu, na kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Kagua kwa squid -k parse, kisha squid -k reconfigure.

Sasa soma access.log, kumbukumbu ya Squid. TCP_DENIED/403 ni kanuni inayozuia. TCP_DENIED/407 ni proksi inayodai jina na nywila. TCP_TUNNEL/200 ni njia nyeupe, lakini Squid huandika mstari huo muunganisho unapofungwa, kwa hiyo usishtuke usipouona Slack ikiwa hewani.

Sauti ya Huddle, simu za ndani ya Slack, hupendelea UDP, njia ya kutuma data isiyo TCP, na Squid haibebi UDP; hiyo ishughulikie kwenye ruta.

Mwenye laptopu anayevuka kwenda Nansio usimwekee proksi ya mkono, maana akifika Ukerewe laptopu itaendelea kuitafuta 192.168.1.5 na hata bando la simu yake halitafungua kitu. Mwekee Use setup script, faili linaloiambia kompyuta proksi ya kutumia, linalosomwa kutoka seva ya ofisini. Nje ya ofisi faili hilo lisipopatikana, programu huenda moja kwa moja.