SOMO: Namna ya kuchagua njia ya kuvuka Marekani ukivuta tela la kulala

Wadau, habari za majukumu. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne, "kaka, wewe si ulienda Vegas na tela, ulipita wapi?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena namrushia uzi huu.

Nazungumzia lile tela lenye vitanda, jiko na choo, linalofungwa nyuma ya pikapu au gari kubwa la familia. Mfano wangu ni Columbus, Ohio hadi Las Vegas, kwa sababu ndiyo safari ninayoijua. Wa miji mingine mtabadilisha majina.

HATUA YA 1. Pima uzito. Pakia kila kitu, jaza tanki, pandisha watoto, kisha ingia kwenye mizani ya vituo vya malori. Linganisha na kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva, siyo na maneno ya muuza magari. Pua ya tela iikalie gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela zima. Ikipungua hapo, tela litacheza.

HATUA YA 2. Jua namba. Barabara kuu za namba shufwa zinakwenda mashariki na magharibi: I-10 iko kusini, halafu I-40, I-70, I-80, na I-90 iko kaskazini. Witiri zinakwenda kaskazini na kusini. Basi.

HATUA YA 3. Angalia kimo kabla ya maili. Hapa ndipo nilipochemka, kwa hiyo someni taratibu.

Safari ya kwanza niliitii simu. Simu ikasema I-70 moja kwa moja, Kansas, Denver, Utah, kisha I-15. Simu haijui kama nyuma yako kuna tela. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya bahari. Handaki la Eisenhower, mwendo wa saa moja tu magharibi yake, liko mita 3,400. Injini isiyo na tabo (turbo, kile kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo kule juu nilikuwa nimebaki na theluthi mbili za gari langu. Nikapanda na malori, taa za hatari zinawaka, mke wangu kimya. Huo haukuwa ubaya wenyewe.

Ubaya ulikuja upande wa pili. Kutoka handakini hadi mji wa Silverthorne ni mteremko mkali wa maili nyingi mfululizo, na mimi nilikuwa na furaha ya kumaliza kupanda. Nikaacha gia juu, nikawa nakanyaga breki kidogo kidogo, mfululizo. Baada ya muda harufu ya kuungua ikaingia ndani, kisha pedali ikaanza kuwa laini. Mtu aliyewahi kukanyaga pedali ya namna hiyo hahitaji kuelezwa zaidi. Pembeni kuna njia za dharura za kupandisha malori yaliyopoteza breki, na nilishaanza kuipigia hesabu mojawapo. Nikavuta kwa mkono kile kidude cha karibu na dereva kinachoshika breki za tela peke yake, nikashusha gia hadi injini ikapiga kelele, tukasimama mjini. Rimu hazishikiki.

Na mimi nimezaliwa Iringa! Marehemu mjomba alikuwa utingo wa malori ya Mbeya, na kila tulipofika Kitonga alikuwa akisema mlima unateremkwa kwa gia ile ile unayoupandia. Nilivuka bahari nikaiacha akili nyumbani.

Kwa hiyo:
- Shusha gia KABLA ya kuanza kuteremka. Ukishashika kasi umechelewa.
- Breki ikanyage kwa nguvu, punguza mwendo, achia ipoe, kisha rudia. Usiibembeleze muda wote.
- Usiweke frii hata siku moja. Mazoea ya kubana mafuta tuliyoyaona kwetu, yaacheni kwetu.
- Tela likianza kuyumba, usikanyage breki ya gari wala usikate usukani kwa pupa. Achia mafuta, vuta breki za tela peke yake kwa mkono.

Sasa napita hivi: I-70 hadi St. Louis, I-44 hadi Oklahoma City, I-40 hadi Kingman, kisha US-93 kupanda Las Vegas. Maili zinaongezeka chache sana. Kilele cha I-40 kiko karibu na Flagstaff, kama mita 2,230, na upande wa mashariki unapanda bila kuhisi. Kuwa macho tu unaposhukia Ash Fork. Tozo za I-44 kule Oklahoma zinahesabiwa kwa ekseli, na ekseli za tela zimo.

HATUA YA 4. Upepo. I-80 inaonekana rahisi kwenye ramani, lakini Wyoming, hasa kati ya Laramie na Rawlins, upepo unaangusha hata semi tupu. Idara ya barabara ya kule huifunga kwa magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu. Ndiyo, tela lako ndilo hilo. I-40 nayo ina upepo wa masika New Mexico na Texas, ila mara nyingi unapanda mchana. Ondoka alfajiri.

HATUA YA 5. Mafuta. Ukivuta tela, ulaji unaweza karibu kuongezeka maradufu. Jaza ukifika nusu tanki. Kwenye I-70, kati ya Green River na Salina, Utah, kuna kama maili 110 bila kituo hata kimoja.

HATUA YA 6. Mwendo. Soma ubavu wa tairi za tela. Baadhi zimetengenezwa kwa maili 65 kwa saa tu. California mwenye tela mwisho ni 55, hata kama bango linasema 70. Wazoefu wana kanuni ya tatu tatu: maili 300 kwa siku, ufike saa tisa alasiri, ulale siku tatu. Siku tatu sina, hizo mbili nazifuata.

MASWALI

Junior_wa_Dayton: Mkuu, ni ndefu sana, sijasoma yote. Kwa kifupi nipite wapi?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Junior_wa_Dayton: Naenda Seattle lakini.

Mwandishi: Unatoka wapi, gari gani, tela kilo ngapi, mwezi gani? Bila hayo nitakuwa napiga ramli.

Baba_Neema: Unatisha watu bure. Mimi I-70 nimepita mara tatu na tela, sijaona tatizo lolote.

Mwandishi: Na gari gani, mkuu?

Baba_Neema: Pikapu ya dizeli, tani moja.

Mwandishi: Yenye tabo na breki ya injini. Ungekuwa na gari langu tungeongea lugha moja. Sijasema njia imefungwa, nimesema wengi wanaoniuliza hawana gari lako.

Mama_Zawadi: Shikamoo kaka. Sisi tunatoka North Carolina kwenda Pennsylvania kwa I-95. Kuna mtu kaniambia mitungi ya gesi hairuhusiwi Baltimore. Ni kweli au maneno ya watu?

Mwandishi: Marahaba dada, swali zuri sana. Ni kweli. Mahandaki ya Baltimore, la I-95 na la I-895, hayaruhusu mtungi wa propeni unaozidi pauni 10, na mitungi ya kawaida ya tela ni ya pauni 20 au 30. Zamani watu walizunguka kwa daraja la Key, lile lililogongwa na meli likaanguka Machi 2024. Kwa hiyo shika I-695, ile inayozunguka mji, upande wa MAGHARIBI. Ukifuata simu itakuingiza handakini. Na ukipanda hadi New York, barabara zinazoitwa parkway usiziguse: matela hayaruhusiwi na madaraja yanayopita juu yake yako chini mno.

Mama_Zawadi: Asante sana kaka, umeniokoa.

Mukubwa_Goma: Mukubwa, jambo. Sisi tuko Phoenix, tunarudi Ohio mwezi wa kwanza. I-40 na theluji namna gani?

Mwandishi: Jambo sana ndugu. Januari Flagstaff ni theluji na Oklahoma kuna barafu ile isiyoonekana. Kupanda I-17 kutoka Phoenix nako ni kazi: mnatoka mita 330 kwenda 2,100. Mkiona utabiri mbaya, shikeni I-10 kusini hadi Texas, halafu I-20 kuelekea Dallas. Ni mzunguko, lakini mko chini. Msiwe na haya ya kulala siku mbili mkisubiri.

Dada_Rehema: Nje ya mada kidogo. Tulilala Flagstaff, maharage yalichemka saa tatu nzima yakabaki magumu kama kokoto. Jiko la tela lina nguvu ndogo?

Mwandishi: Haha, jiko lako zima. Kimo kile maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yanakaa kwenye maji yasiyo na moto wa kutosha. Beba sufuria ya presha.

Mama_Zawadi: Au yachemshe nyumbani, uyagandishe kwenye friza ya tela. Ndivyo nifanyavyo.

Dada_Rehema: Na ugali je?

Mama_Zawadi: Ugali haujali kimo. Shida ni mwiko, ule wa tela la mume wangu ni wa plastiki.