Kabla hujapakia mtambo wa sola na jenereta kwenye kirikuu

Watu wengi wakibeba mtambo wa sola, betri na jenereta kwenda kwenye harusi au msiba kijijini wanahangaika na mafuta tu, habari ya modi ya inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kuwashia vyombo vya nyumbani, na modi ndo inaamua umeme upi utumike kwanza) hakuna anayeuliza, mnafika huko usiku jenereta inanguruma kuwasha taa mbili na betri imejaa tele pembeni.

Kwahiyo washa inveta ukiwa bado nyumbani, ingia setingi namba 01, inveta nyingi za Kichina ndo iko hapo ila cheki kitabu chake. Ukikuta UTI ujue umeme wa kutoka nje ndo unabeba mzigo kwanza, na huko porini umeme wa nje si ndo hiyo hiyo jenereta yako, utachoma petroli mchana kweupe huku paneli zinaota jua bure. SOL inaanza na jua lakini likizama tu inakimbilia jenereta ikiwa imewashwa. SBU ni jua, halafu betri, jenereta mwisho kabisa, na mimi safari zote naweka hiyo.

Sasa hapa kwenye chaji ndo wengi wanaumia. Tuseme una betri ya lithiamu ya volti 48, ampia-saa (Ah) 100, na jenereta ndogo ya kVA 3 ambayo kiukweli inatoa kama wati 2,400. Inveta ukiiachia ivute ampia 60 kuchaji, hizo ni zaidi ya wati 3,000, jenereta inakohoa inazima na wewe unasema mafuta machafu. Shusha mpaka ampia 20, ni kama wati 1,100, ongeza friji, taa na spika za wati 500 hivi, jenereta inafanya kazi ya maana bila kuzidiwa na betri inatoka asilimia 20 mpaka 80 kwa kama masaa matatu, baada ya hapo izime watu walale.

Setingi ya umeme unaoingia weka APL (inavumilia volti zinazoyumba) badala ya UPS (inataka volti zilizotulia), maana volti za jenereta ndogo zinapanda na kushuka, ukiwa UPS inveta inaukataa umeme kila dakika. Ila kompyuta ya DJ inaweza kuzima pale inveta inapohama kati ya jenereta na betri, mwambie mapema asije akakulaumu.

Jenereta ikae mbali na dirisha na mlango, upepo unakoelekea, ule moshi unaua watu wakiwa usingizini. Beba na fimbo ya ethi, ile ya chuma ya kuchomeka ardhini.

Kabla ya kupakia jaribu kila kitu nusu saa, zima swichi ya paneli uone taa zinapepesa au la, halafu washa jenereta, inveta haipokei umeme wake papo hapo kwahiyo usianze kuchokonoa waya. Na ile spana ndogo ya plastiki ya kufungulia viunganishi vya paneli iweke mfukoni kabisa, mimi yangu ilibaki juu ya friji sebuleni tukaishia kufungua kwa meno ya uma.