Kuishi ukiwa umetengwa kwa ajili ya Mungu, ukiwa hapo hapo sokoni

Bagamoyo tumezoea kuona watawa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868, na mpaka leo ukitaja mtu aliyewekwa wakfu, wengi wanawaza kanzu, nadhiri na useja. Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto, nakaanga samaki na kuuza pale ufukweni, na nakwambia: ukibatizwa umeshatengwa. Ulipakwa Krisma, yale mafuta matakatifu. Waraka wa Kwanza wa Petro (2:9) unawaita waamini wote ukuhani wa kifalme, hauwaiti mapadre peke yao. Kilichobaki ni kuishi hivyo, na nakushauri uanzie pale unapopatia riziki.

Amua mapema. Danieli aliazimu kwanza moyoni kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme, ndipo akaenda kuzungumza na msimamizi (Danieli 1:8). Ukingoja mpaka mteja amesimama mbele yako, shida ya hela ndiyo itakayoamua. Mimi saa kumi na mbili asubuhi nasali Malaika wa Bwana, kisha naitaja dhambi moja ninayojua inaningoja mnadani. Moja tu, kwa jina lake: leo sitaapa. Maana sokoni mtu anasema "haki ya Mungu nimenunua elfu tano" na amenunua elfu nne. Taja bei yako. Mteja akiomba upunguze, mjibu inawezekana au haiwezekani, yaishe. Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo (Mathayo 5:37).

Halafu lipo fungu. Vibua hupangwa mafungu, na ujanja unaojulikana ni wakubwa juu, wadogo chini, wa jana katikati. Samaki wa jana anajionyesha: jicho limezama na kuingia ukungu, matamvua yamepoteza wekundu, ukimbonyeza nyama hairudi. Lakini akishapakwa chumvi na ndimu akaingia kwenye mafuta ya moto, mteja hana namna ya kumjua. Hapo ndipo utakatifu wako unapopimwa, na kwangu hapo pana uzito kuliko mkesha mzima wa nyimbo. Mtenge kwenye sinia lake, sema ni wa jana, shusha bei. Aliyeharibika mtupe, hata kama mtaji unauma. Soma Mambo ya Walawi 19: sura inayoanza kwa kutuagiza tuwe watakatifu ndiyo hiyo hiyo inayodai mizani za haki na vibaba vya haki.

Dawa ya biashara, ile ya mganga ya kuvuta wateja, utaletewa, hasa wiki ambayo wateja wamepotea. Ikatae bila ugomvi, na usiifukie chini ya meza "kwa kujaribu tu".

Kujitenga na dhambi kusikufanye ujitenge na watu. Wenzangu wengi sokoni ni Waislamu. Yesu hakuomba wafuasi wake watolewe ulimwenguni, aliomba walindwe na yule mwovu (Yohana 17:15). Kwa hiyo Ramadhani usile mbele ya wanaofunga, msibani nenda ukachote maji na kuosha vyombo, mgonjwa mchangie. Umbeya ukianza, inuka ukageuze samaki wako.

Jioni, ukishahesabu mauzo, itafiti dhamiri yako kabla hujalala. Tafuta pia mwenzako mmoja wa jumuiya anayekuona kazini, umruhusu akukemee. Anayekuona kanisani tu hajui mafungu yako. Na Kitubio, yaani kuungama kwa padre, usikingoje mpaka karibu na Pasaka.

Ukigundua umemdhulumu mtu, usiishie kusali. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne (Luka 19:8). Mtafute mteja, mrudishie chake, umwambie ni cha nini. Kama alikuwa mpita njia na hutampata tena, hela ile usiile. Mpe maskini, na usiihesabu kwenye sadaka yako ya Jumapili.