Fremu ya baiskeli kwa swahiba mrefu

Swahiba wangu ana miguu ya korongo. Hapa Busia, mji ambako boda boda ilianza kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani, amebeba ndizi na madumu ya mafuta miaka nenda rudi kwa fremu ya inchi 22 kama sisi wengine. Jioni akishuka analalamikia magoti, mzigo wala hautaji. Siku moja nikamwambia, "Lete habu yako ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Nitakuundia fremu."

Anza na mtu, si na chuma. Avue viatu, aegemee ukuta, kisha abane kitabu kigumu katikati ya mapaja, akipandishe mpaka kigote. Pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Yeye alitoa sentimita 94. Zidisha kwa 0.65, unapata 61: huo ndio urefu wa nguzo ya kiti, kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi katikati ya bomba la juu. Inchi 22 ni sentimita 56 tu.

Usihangaike na pembe mpya. Nenda kwa wauza vyuma chakavu, tafuta fremu zilizokatika, utoe soketi, yale maungio ambamo mabomba huchomekwa. Soketi za baiskeli zetu za mzigo zimeshashika mlalo wake, kama digrii 68 mbele na nyuma. Kwa kuwa kichwa, lile bomba fupi la mbele chini ya usukani, na nguzo ya kiti zimelala sambamba, yanayorefuka ni mabomba manne tu: nguzo ya kiti, kichwa, na yale mawili membamba yanayoshuka kutoka kwenye kiti hadi gurudumu la nyuma. Bomba la juu na la chini yabaki na vipimo vyake. (Mikono ya jamaa ni ya kawaida, Mungu alirefusha miguu akaishia hapo.) Mimi nilitumia bomba la milimita 28.6 kwa nguzo na 25.4 kwa bomba la juu. Bomba la maji lenye rangi ya fedha liache dukani, ile zinki ikipata moto inatoa moshi mweupe unaokulaza na homa usiku kucha.

Kichwa kikirefuka, shingo ya foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, nayo lazima irefuke. Usiiunge. Nunua foki ya fremu ya inchi 24 uikate kwa kipimo chako. Shingo iliyoungwa ikikatika mteremkoni, mtu anaacha meno barabarani.

Mafundi wengi watakwambia uchomelee kwa umeme. Bomba jembamba hivi umeme unalitoboa, na pale kando ya mshono ndipo linapokatika baadaye. Tumia gesi na fimbo ya shaba ya njano. Piga msasa bomba na ndani ya soketi mpaka ving'ae, paka boraksi iliyokorogwa na maji kama uji mzito, kisha chomeka. Bomba liingie kwa kubana kidogo. Likicheza, shaba haitajaza.

Moto uelekeze kwanza kwenye soketi maana ndiyo nene. Boraksi itachemka, itoe mapovu meupe, kisha itulie na kuwa kama kioo. Chuma kikiwa chekundu cha kuiva, gusisha fimbo ukingoni. Shaba hufuata joto: sogeza moto upande wa pili, utaiona inavutwa ndani na kujitokeza huko kama uzi wa dhahabu. Uzi ukizunguka soketi yote, toa moto. Usimwagie maji, acha ipoe yenyewe. Na kwa bomba lililozibwa pande zote mbili, toboa kwanza tundu la milimita 3, hewa ipate pa kutokea.

Kosa langu lilikuwa kwenye kikombe cha ekseli ya pedali, kile kibomba kifupi cha chini ambamo ekseli hiyo hukaa. Hesi ya upande wa cheni hukaza kinyume, kwa kushoto. Mimi nilikigeuza, nikalehemu vizuri kabisa, nikajisifu. Kesho yake nafunga pedali, kitu hakiingii. Nusu siku ya gesi ilipotea kukitoa. Siku hizi nachora mshale wa chaki kabla sijawasha tochi.

Sasa uzi, wa kupima kama fremu imenyooka. Funga uzi kwenye mguu mmoja wa nyuma, pale ekseli ya gurudumu inapokaa, uzungushe mbele ya kichwa, urudi mguu wa pili, uvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na nguzo ya kiti, kushoto na kulia. Kwangu kulia kulikuwa na milimita 31, kushoto 27. Nikapenyeza kipande cha mti, nikavuta mguu wa nyuma taratibu huku mtoto wa jirani akikalia fremu, nikapima tena, nikavuta tena, mpaka pande zote zikasoma 29. Halafu ingiza habu yake yenyewe: ikae bila kulazimishwa.

Rangi ni kazi ya mchana mmoja. Alitaka kijani.

Alipanda na madumu mawili, akaenda mpaka getini na kurudi. "Fundi, kiti kiko chini," akasema. Nikakipandisha sentimita mbili, akaondoka.